Betri zilizokufa mapumzikoni: kisa cha foklifti tatu za Mtwara

Simu ilinikuta Mikindani, wiki ya pili ya Novemba. "Fundi, foklifti zinazima saa nne asubuhi." Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Huku kusini, msimamizi wa ghala akiruka salamu ujue foleni ya malori imeshafika barabarani.

Ghala lenyewe sitalitaja. Lipo Mtwara mjini, upande wa kuelekea bandarini, na lina kazi mbili. Kubwa ni kupokea korosho ghafi za mnadani: magunia ya kilo 80, yanapangwa ishirini kwa kila paleti, hivyo paleti moja ni tani 1.6. Ndogo ni ubanguaji. Nyuma kuna mashine za kubangulia, matanuri ya kukaushia, na chumba ambamo korosho karanga hufungwa kwenye maboksi ya ratili 50, yaani kilo 22.68, kama soko la nje lilivyozoea. Chumba hicho ndicho kilicholeta foklifti za umeme. Korosho karanga hunyonya harufu, na hakuna mnunuzi anayetaka korosho inayonukia moshi wa dizeli.

Basi wana tatu za umeme, za tani 2.5, zina miaka minne, na moja kongwe ya dizeli inayohangaika uani. Kila ya umeme ina betri ya volti 48 na ampea-saa 600: seli 24 za volti mbili mbili ndani ya sanduku la chuma, ni risasi na asidi, uzito kama kilo 900. Zidisha volti kwa ampea-saa, gawa kwa elfu, upate uniti 28.8. Ila betri ya aina hii haikamuliwi hadi tone la mwisho. Unatumia asilimia 80, inayobaki unaiachia betri yenyewe. Kwa hiyo mfuko wa kila mashine ni uniti 23, nao huo ni wa betri nzima.

Nilikuta maoni matatu yameshafika mezani kabla yangu. Mwenye ghala alikuwa na karatasi ya bei kutoka Dar es Salaam: betri tatu za lithiamu na chaja zake. Msimamizi alitaka betri tatu za akiba, hizi zikichaji zile zifanye kazi. Maopereta walitaka chaja kubwa, maana hizi za ampea 100 "zinachaji kama zinasinzia". Mimi kazi yangu ilikuwa kulinganisha hayo matatu na kusema lipi lifuatwe. Walibishana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: wote waliamini betri zimekufa kwa kazi nyingi. Na mimi niliamini hivyo hivyo, kwa siku moja na nusu.

Kufungua vizibo

Betri namba moja ilikuwa imezima saa nne. Saa saba mchana chaja yake ikawasha taa ya kijani: imejaa. Opereta akaichomoa kwa furaha. Mimi nikashtuka. Betri ya ampea-saa 600 iliyokamuliwa sawasawa haijai kwa saa tatu kwa chaja ya ampea 100. Inataka saa nane. Betri inayojaa upesi namna hiyo ni kama debe lililojaa mchanga nusu: maji yanafika ukingoni haraka kwa sababu nafasi haipo.

Nikafungua vizibo. Kipimajoto kilisoma nyuzi 46 ndani ya asidi, nje kukiwa na 32. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, ambayo kwenye seli iliyojaa vizuri husoma 1.280, ilinipa 1.240, 1.235, 1.240, halafu seli ya tisa 1.190 na ya kumi na saba 1.185. Hata ukiongeza kidogo kwa ajili ya joto, hazifiki. Nikamulika tochi ndani ya kizibo. Bamba chanya la betri nzima lina rangi ya chokoleti iliyokolea. Haya yalikuwa yamepauka, na kwenye kingo zake kumekaa kitu cheupe, chembechembe, mfano wa chumvi inayobaki mwilini ukitoka kuogelea. Hiyo ni salfeti ya risasi. Kila betri ya risasi hutengeneza salfeti inapotoa umeme. Ni kazi yake. Ukiichaji mapema salfeti inayeyuka na kurudi asidini. Ukiiacha ikae, inajishikisha na kuwa mawe, na mawe hayo hayarudi kwa chaja ya kawaida.

Pembeni palikuwa na ndoo ya bluu na kopo la kimbo.

"Maji gani haya, mjomba?"

"Ya kisima, fundi. Yale maji ya betri yaliisha."

"Mnatia saa ngapi?"

"Kabla ya kuchaji. Mpaka juu."

Hapo makosa ni mawili kwa pigo moja. Kisima cha karibu na bahari kina chumvi, na chumvi ndani ya seli hula mabamba. Na asidi ikichajiwa huvimba, kwa hiyo ukijaza kwanza halafu ukachaji, inafurika, asidi inamwagika juu ya sanduku, na siku inayofuata unarudishia maji matupu. Baada ya mwaka unabaki na betri ya juisi iliyozimuliwa. Maji hutiwa baada ya chaji kuisha. Kabla ya chaji unatia tu kama mabamba yako wazi, na hapo ni ya kuyafunika, basi.

Niliandika hayo kwenye daftari nikadhani nimemaliza: joto, maji mabaya, kazi nyingi. Kesi imefungwa.

Pipa la magadi

Siku ya pili nilitaka namba. Kupima uwezo halisi wa betri ya foklifti unahitaji kitu cha kuimeza, yaani mzigo unaovuta ampea zilezile kwa saa kadhaa mfululizo. Vifaa vya namna hiyo vinauzwa, mimi sina. Nina pipa la lita 200, vipande viwili vya bati nene, na magadi. Unajaza maji, unatia magadi kidogo kidogo huku ukiangalia mita, unasogeza bati karibu au mbali hadi ampea zikae kwenye 120. Betri ya 600 ikiwa nzima itatoa ampea 120 kwa saa tano kabla haijashuka hadi volti 40.8. Tafadhali, ukijaribu, usitumie chumvi ya jikoni, maana umeme wa namna hii unaitoa klorini na utakohoa hadi usiku. Na ufanye uwanjani kabisa, kwa sababu hata magadi yanatoa haidrojeni. Saa ya tatu pipa huanza kufuka moshi kama sufuria ya ubwabwa, ukaongeza maji baridi ukaendelea.

Namba moja ilidumu saa 2 na dakika 54: asilimia 58. Namba mbili, saa 3 na dakika 33: asilimia 71. Namba tatu, saa 4 na dakika 6: asilimia 82. Kwa mafundi, betri ikishuka chini ya 80 inahesabika imezeeka.

Nilikuwa nimekaa juu ya paleti tupu nikiangalia pipa likifuka, ndipo nikaenda kusoma mita za saa kwenye foklifti zenyewe, kwa kutaka tu kukamilisha ripoti. Namba moja, iliyochoka kuliko zote: saa 3,100. Namba tatu, iliyo nzima kuliko zote: saa 4,600.

Nikasoma tena. Betri iliyofanya kazi nyingi zaidi ndiyo iliyobaki na afya.

Nilirudi kwa opereta wa namba tatu, mzee mmoja mpole ambaye vijana humwita babu. Foklifti yake inafanya kazi gani? Akasema ni ya chumba cha korosho karanga. Msimu wa mnada inasaidia kidogo, lakini wenzake wakishalala Februari, yeye anaendelea, saa mbili tatu kwa siku, mwaka mzima, kwa sababu ubanguaji hauna msimu. Na kila ikifanya kazi anaichomeka jioni. Wenzake? "Hizo tunazisukuma kule nyuma ya magunia, mwanangu. Mpaka mnada urudi."

Chaja za siku hizi zina kumbukumbu. Nikabonyeza bonyeza hadi nikapata orodha ya namba moja. Chaji ya mwisho kabla ya msimu huu: tarehe 11 Februari, imeingiza ampea-saa 140, imekatishwa. Inayofuata: tarehe 24 Septemba. Kati ya hapo hakuna kitu. Betri iliingia mapumzikoni ikiwa nusu tupu, ikakaa miezi saba na siku kumi na tatu. Daftari la getini la askari likaongeza la kwake: siku ile ya Februari umeme ulikatika mchana, na jioni foklifti ikavutwa kwenda nyuma. Umeme uliporudi hakuna aliyekumbuka plagi.

Betri ya risasi haijui kupumzika. Ikikaa tu hujivuja, na joto likipanda nyuzi 10 kasi ya kujivuja hukaribia kuwa mara mbili. Miezi saba chini ya bati la Mtwara, ikianza na nusu, inatosha kufika chini kabisa na kukaa huko ikitengeneza mawe. Mwaka wa kwanza hukuona kitu. Mwaka wa nne inazima saa nne asubuhi, katikati ya msimu, na kila mtu anaulaumu msimu.

Kwa hiyo swali nililopewa, lipi kati ya matatu, likabadilika. Njia ya kuchaji ilibidi ifae Novemba, na pia ifae Mei, wakati ghala halina mtu isipokuwa askari na kunguru.

Njia zenyewe

Nilianza na betri za akiba za msimamizi, kwa sababu ndizo rahisi kuzikataa. Kubadilisha betri ni njia nzuri kwenye kiwanda kinachofanya kazi zamu tatu mwaka mzima. Betri moja inafanya kazi saa nane, inachaji nane, inapoa nane. Lakini kilo 900 hazibebwi kifuani. Unahitaji meza ya rola au winchi yenye boriti iliyokingwa isigusane na umeme, na sakafu iliyonyooka. Mpango wa ghala ulikuwa "foklifti ya dizeli na mnyororo". Nimewahi kuona mnyororo ukilalia vichwa viwili vya betri. Ulijichomelea palepale, na aliyekuwa karibu mpaka leo ana alama shavuni. Zaidi ya hayo, nikawauliza: kama betri tatu zimewashinda kuzitunza Februari hadi Septemba, sita mtazitunzaje? Msimamizi akacheka, akakunja karatasi yake mwenyewe.

Chaja kubwa za maopereta zilinichukua muda zaidi, kwa sababu hoja yao ina ukweli ndani. Kuna utaratibu unaofahamika wa kuchaji kwa vipande: kila mapumziko, chai, swala, chakula, unachomeka, na betri inazungushwa kati ya asilimia 20 na 80 au zaidi kidogo, halafu mara moja kwa wiki unaijaza hadi mwisho na kuzisawazisha seli ziwe na chaji sawa. Kwa hiyo chaja huwa ya ampea kama 25 kwa kila ampea-saa 100. Kwetu, ampea 150. Tatizo la kwanza ni joto. Betri yetu ilishafika 46 kwa chaja ndogo, na utaratibu huu unaondoa kabisa zile saa za kupoa. Tatizo la pili liko kwenye bili, na hili wengi hawalioni.

Ghala lenye matanuri kama hili huwa kwenye kundi la bei la T2 la TANESCO. Mteja wa T2 halipi uniti peke yake. Analipa pia kilele: KVA (kipimo cha umeme unaovutwa kwa wakati mmoja) kubwa kuliko zote alizovuta mwezi ule, hata kama alizivuta muda mfupi tu. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, kabla ya kodi, uniti ilikuwa shilingi 195 na kila KVA ya kilele shilingi 15,004 kwa mwezi. Sasa weka chaja tatu za ampea 150, zote zichomekwe saa saba mchana wakati wa chakula, matanuri yakiwaka. Kwa volti kama 55 za kuchajia na upotevu wa chaja, hizo ni takriban KVA 29 zinazokaa juu kabisa ya mzigo wa matanuri: shilingi 435,000 kwa mwezi kabla hujalipia uniti hata moja. Chaja zilezile usiku, matanuri yamezimwa, haziongezi kilele hata kidogo. Mhasibu, mama mtulivu ambaye hadi hapo alikuwa hajasema neno, aliinua kichwa. "Kumbe ndiyo ile ya mwezi wa kumi na moja," akasema, akaenda kuchota faili.

Lithiamu sikuikataa. Nataka hili lieleweke, kwa sababu mafundi wa umri wangu wana tabia ya kuiponda kwa kuwa hawajaizoea. Betri ya lithiamu ya foklifti, hasa ile ya chuma na fosfeti, haitaki maji, haitoi gesi, inakubali kuchajiwa muda wowote kwa kipande chochote, na mizunguko yake ni mingi kuliko ya risasi. Na lililonivutia mimi zaidi ni kwamba ukiiacha na nusu ya chaji, kivulini, imechomolewa, inakaa miezi na kupoteza kidogo sana. Kwa ghala linalolala miezi saba, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Muuzaji hakuitaja. Yeye aliuza kasi ya kuchaji.

Kasoro zake ni hizi. Bei kwenye ile karatasi ilikuwa karibu mara mbili na nusu ya risasi. Ni nyepesi, na kwenye foklifti betri ndiyo jiwe la kinyumenyume linalozuia mkia usinyanyuke. Kibao cha mashine huandika uzito wa chini kabisa wa betri, na ukiwa pungufu lazima uongeze chuma. Chaja za zamani hazifai. Joto nalo haliipendezi; ikipita nyuzi 45 au zaidi kidogo, bodi yake ya ulinzi huanza kukataa chaji. Na bodi hiyo ikigoma wiki ya pili ya Novemba, fundi wake yuko Dar es Salaam, kilomita mia tano na ushee. Seli ya risasi ikifa, mimi niko Mikindani.

Hesabu ya mchana

Ndipo nikakaa na mita za saa na daftari la upakiaji kutafuta kitu kimoja: siku ya msimu uliokolea, kila foklifti inafanya kazi kweli saa ngapi. Namba moja saa 9, namba mbili saa 7, namba tatu saa 5. Mashine hizi, kwa mzigo wa pale, zinakula kama uniti 4 kwa saa ya kazi. Jumla uniti 84 kwa siku. Ukigawa kwa tatu, 28 kila moja. Mfuko wa betri nzima ni 23. Pengo ni uniti 5 kwa kila mashine.

Saa moja ya chakula kwa chaja ileile ya ampea 100 inaingiza kama uniti 5 na kidogo, na ukitoa upotevu zinabaki nne na nusu za kutumika. Nilirudia hesabu mara tatu kwa sababu ilikuwa inakaa vizuri mno. Pengo linazibika karibu lote kwa chaja zilezile walizonazo, mradi mambo matatu: betri ziwe nzima, mashine zizungushwe ili namba moja isibebe mzigo wa wenzake, na saa ya chakula isiwe moja kwa wote. Mmoja achomeke saa sita, mwingine saa saba, mwingine saa nane. Kilele cha KVA kinabaki cha chaja moja.

Maopereta hawakupenda la kuzungushana. Kila mtu ana mashine yake, ameipamba, mmoja amefunga kitambaa cha timu yake kwenye usukani. Mzee wa namba tatu aliniuliza kwa upole kama kijana atakayepewa yake atajua kuichomeka. Swali zuri. Jibu nililipata baadaye, nalo halikuwa la kupendeza.

Usiku ulinipa tabu nyingine. Kazi inaisha saa tano usiku, inaanza saa moja asubuhi: saa nane kamili. Asilimia 80 za mwanzo zinaingia haraka, nusu ya kwanza ya muda. Zile 20 za mwisho zinachukua nusu nzima iliyobaki, ampea zinashuka, seli zinachemka. Kipindi hicho cha kuchemka ndicho kinachoyeyusha salfeti ya mwisho na kukoroga asidi iliyotuama chini. Ndicho pia ambacho watu hukikatisha: askari akisikia betri inatokota alfajiri anaona kama itapasuka, anachomoa. Na umeme ukikatika, unakatika mara nyingi kipindi hicho, kwa sababu ndicho kirefu. Mtwara ilikaa miaka mingi ikitegemea mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya Taifa. Mtambo mmoja ulipolala, mji mzima ulijua. Kwa hiyo niliandika kwa herufi kubwa ukutani: JUMAPILI NI SIKU YA BETRI. Mnada haupo, zichajiwe hadi mwisho, zisawazishwe, zipoe.

Kona ya kuchajia tuliihamisha pia. Ilikuwa ndani, chini ya dari ya mbao, ukuta kwa ukuta na magunia. Betri moja ya aina hii ikimalizia chaji hutoa haidrojeni kama lita 600. Gesi hiyo hupanda juu, na ikifika asilimia 4 ya hewa inawaka kwa cheche. Chini yake korosho, ambazo ganda lake lenyewe ni mafuta. Tukazipeleka barazani upande wa mashariki, panapopita upepo. Hilo halikuwa na mjadala.

Kilichofuatwa

Pendekezo langu lilikuwa: namba tatu iendelee, namba mbili ijaribiwe kufufuliwa, namba moja iwekewe lithiamu, moja tu, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ya kikatili miezi minne na kulala iliyobaki. Mwenye ghala aliridhia. Mhasibu akakataa. "Fundi, hela ya korosho inaingia mara moja kwa mwaka. Siwezi kuifungia kwenye betri ambayo ikigoma inabidi nimlipie mtu nauli na kulala." Wakanunua ya risasi. Nilikasirika kidogo, kisha nikakubali kwamba hesabu yake ilikuwa na kitu ambacho yangu haikuwa nacho.

Betri mpya ilifika katikati ya Desemba, msimu umeshavuka kilima. Hadi hapo walikokota na ile ya dizeli uani. Namba mbili niliichaji polepole kwa ampea 25, saa nyingi, nikipima seli kila saa hadi haidromita isome vilevile mara tatu mfululizo. Nikarudia Jumapili tatu. Ikapanda kutoka 71 hadi 77. Sikutegemea zaidi.

Januari kulitokea lile la kijana. Alipewa namba tatu kwa zamu, akaitumia hadi ikaanza kuburuta, akaiegesha chumbani saa mbili usiku bila kuchomeka, akaondoka. Mzee aliikuta asubuhi. Hakumwambia mtu. Alileta kufuli lake mwenyewe akalifunga kwenye mnyororo wa usukani, na mpango wa kuzungushana ukaishia hapo kwa mashine hiyo. Sikumlaumu. Zilizobaki mbili zinabadilishana, na pengo la namba moja tumelipunguza kwa kuirudishia dizeli kazi yote ya uani.

La mapumziko ndilo lililoshika, na lilishika kwa sababu tulimpa askari wala si fundi. Kabla ghala halijafungwa Februari betri zinajazwa hadi mwisho. Kisha kila tarehe mosi na tarehe 15 anachomeka jioni, anachomoa asubuhi, anaandika kwenye daftari la getini, mstari uleule anaoandika magari. Maji ya betri yako kwenye madumu kabatini kwake, kisima kimesahaulika. Nilipita mwezi wa Juni bila kuaga. Ghala lilikuwa kimya, popo juu, harufu ya magunia makavu. Nikabonyeza kumbukumbu ya chaja ya namba moja: Machi mara mbili, Aprili mara mbili, Mei mara moja, Juni mara moja. Nikamuuliza askari kuhusu ile ya Mei iliyokosekana. Akafungua daftari: "Tarehe 15, hakuna umeme. Tarehe 16, nimesahau." Ameandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Oktoba nilirudi na pipa langu. Betri mpya asilimia 98. Namba mbili 76. Namba tatu, ile yenye afya, imeshuka hadi 80, kwa umri tu na saa zake nyingi. Msimu ujao au unaofuata itabidi ibadilishwe. Nimemwandikia mhasibu kwamba siku hiyo ikifika asinunue ya namba tatu. Anunue lithiamu aiweke kwenye namba moja, na ile ya risasi ya namba moja aihamishie kwa mzee, ambako itafanya kazi na kuchajiwa kila siku ya Mungu. Masanduku ni ya kipimo kimoja, yanaingiliana. Amejibu kwamba nirudi mnada ukiisha, tuzungumze bei.